Rufaa Husoma Faili: Maswali ya Masasi na Newala kuhusu Walimu, Wanafunzi na Mahakama

Mwalimu anapohukumiwa miaka 30 jela katika mahakama ya wilaya, watu hurudi nyumbani wakidhani shauri limekwisha. Kumbe ndiyo kwanza limepata njia ya kwenda Mtwara. Ikitokea baada ya miaka miwili mtu yule yule akaonekana stendi ya Masasi akishuka kwenye basi na begi lake, minong'ono huanza hapo hapo: amehonga, ana mtu serikalini, sheria ya maskini na tajiri. Rushwa ipo nchini na hakuna haja ya kuipamba. Lakini mwenye kusoma hukumu za rufaa za makosa ya kujamiiana, ambazo siku hizi zinapatikana bure mtandaoni kupitia TanzLII, hukuta sababu nyingine zikijirudia: umri wa mtoto haukuthibitishwa, tarehe ya kwenye hati haikulingana na ya kwenye ushahidi, mtoto hakuulizwa alichopaswa kuulizwa kabla ya kuanza kusema.

Yafuatayo ni maswali yanayoulizwa kwenye mabenchi ya mahakama za wilaya za uwanda wa Makonde na chini yake, pamoja na majibu yake. Namba za vifungu ni za toleo la sheria la mwaka 2022. Toleo la mwaka 2023, lililoanza kutumika 1 Julai 2025, limesogeza baadhi ya namba, kwa hiyo anayeandika sababu za rufaa leo akiangalie kitabu kipya kabla ya kunukuu.

Mwalimu aliyelala na mwanafunzi anashtakiwa kwa kosa gani?

Mara nyingi ni ubakaji, chini ya kifungu cha 130(1) na (2)(e) cha Kanuni ya Adhabu. Msichana akiwa chini ya miaka 18, ridhaa yake haina uzito. Adhabu iko kifungu cha 131: kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisipungue miaka 30, pamoja na viboko, faini na fidia kwa aliyetendewa. Mtoto akiwa chini ya miaka 10, hakimu hana uchaguzi, ni kifungo cha maisha. Mkazo huu uliletwa na sheria maalumu ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, ambayo wanasheria wengi bado huiita SOSPA.

Binti akipatikana na mimba, hati ya mashtaka huweza kuongezewa shtaka la pili. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, kifungu cha 60A cha Sheria ya Elimu kinampa miaka 30 yeyote anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, na kinakataza pia kumwoa. Kwa wavulana, kosa la kulawiti liko kifungu cha 154. Na mwalimu anayedai ngono ili atoe alama, hata kama binti wa kidato cha sita ametimiza miaka 18, anaweza kukutana na TAKUKURU kwa rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha sheria ya mwaka 2007.

Na kama binti alikwisha kuchezwa unyago?

Utetezi huu husikika sana kusini, nje ya mahakama zaidi kuliko ndani. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, mwali aliyetoka unyagoni amefundwa na jamii humtazama kwa jicho jingine, hata kama ana miaka 12 na Jumatatu anarudi darasa la sita. Sheria ya jinai haimtambui kungwi. Inahesabu miaka.

Ndoa nayo imeleta utata. Kifungu cha 130(2)(e) kina mwanya kwa mke aliyetimiza miaka 15, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa umri huo kuolewa kwa idhini ya wazazi. Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani. Mahakama Kuu ilimkubalia mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya serikali Oktoba 2019. Kwa mwalimu na mwanafunzi wake mwanya huo hausaidii kitu, kwa kuwa kifungu cha 60A kimeshalifunga hilo.

Rufaa inaanzia wapi, na ndani ya siku ngapi?

Kutoka mahakama ya wilaya ya Masasi au Newala, rufaa huenda Mahakama Kuu, Mtwara, inayohudumia mikoa ya Mtwara na Lindi. Ni karibu kilometa 200 kutoka Masasi kupitia Mingoyo, na kilometa 140 hivi kutoka Newala kupitia Tandahimba.

Hapa siku ndizo zinazoua rufaa nyingi. Kifungu cha 361 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinataka notisi ya nia ya kukata rufaa itolewe ndani ya siku 10 tangu hukumu, na hati yenye sababu za rufaa iwasilishwe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya mwenendo. Aliye gerezani hahitaji nauli. Hukabidhi karatasi zake kwa mkuu wa gereza, naye huzipeleka mahakamani. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini aeleze kwa nini. Kusema tu "sikujua sheria" kwa kawaida hakutoshi. Kueleza kwamba nakala ilicheleweshwa na masjala, tena kwa tarehe zinazoonekana kwenye mihuri, kuna nguvu zaidi.

Aliyekiri kosa mwenyewe mlango wake ni mwembamba. Kifungu cha 360 kinamruhusu kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu tu, ingawa mahakama imekuwa ikiwasikiliza wanaoonyesha kwamba kile kilichoandikwa kuwa ni kukiri hakikuwa kukiri kamili.

Rufaa ya kwanza ndiyo yenye upana. Tangu kesi ya Pandya ya mwaka 1957 na ile ya Okeno ya mwaka 1972, zilizoamuliwa na iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, jaji wa rufaa ya kwanza hupaswa kuupima upya ushahidi wote na kufikia maoni yake, akikumbuka kwamba yeye hakuwaona mashahidi kwa macho. Akishindwa Mtwara, mrufani huenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania, akitoa notisi ndani ya siku 30. Huko husikilizwa hoja za sheria. Majaji hawagusi matokeo ambayo mahakama mbili za chini zimekubaliana, isipokuwa ushahidi ulieleweka visivyo. Sababu ambayo hakuileta Mahakama Kuu haitapokelewa pia, ila ikiwa ni ya sheria tupu. Wafungwa wengi huandika sababu zao wenyewe, wakasahau ile iliyo nzito, kisha wakaikumbuka imeshachelewa.

Kwa nini mtu aliyetiwa hatiani huachiwa?

Kwa sababu mahakama ya rufaa haimwoni mtoto akilia kizimbani. Inaona karatasi. Kisichoandikwa na hakimu ni kama hakikutokea.

Chukua umri. Katika ubakaji wa chini ya miaka 18, umri ni sehemu ya kosa lenyewe. Hati ya mashtaka kusema "mwenye umri wa miaka 14" si ushahidi, wala karani kuandika umri pembeni ya jina la shahidi si ushahidi. Mahakama ya Rufani ilieleza mjini Tabora, katika Rufaa ya Jinai Na. 542 ya 2015, kwamba umri unaweza kuthibitishwa na mtoto mwenyewe, mzazi, ndugu, daktari, au cheti cha kuzaliwa kikiwapo, na kwamba wakati mwingine mahakama inaweza kuupata kutokana na mazingira ya ushahidi. Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa cha RITA si lazima, jambo lenye nafuu kubwa kwa familia ambayo haikuwahi kukichukua. Sentensi moja ya mama, "nilimzaa mwaka fulani", inatosha. Ajabu ni kwamba zipo kesi ambazo mama alipanda kizimbani, akaulizwa mengi, na hiyo moja hakuna aliyemuuliza.

Chukua sauti ya mtoto. Kifungu cha 127(2) cha Sheria ya Ushahidi, kama kilivyorekebishwa mwaka 2016, kinamruhusu mtoto asiyezidi miaka 14 kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema ukweli na si uongo. Katika Rufaa Na. 168 ya 2018, iliyosikilizwa Bukoba, majaji waliwapa mahakimu njia nyepesi: muulize umri wake, dini yake na kama anaelewa maana ya kiapo, kisha kama anaahidi kusema ukweli. Kikao cha Mtwara kilirudia jambo hilo hilo katika Rufaa Na. 272 ya 2018. Kwenye mwenendo uliochapwa vizuri, hatua hii yote huchukua mistari mitatu minne na kuishia na maneno kama "naahidi kusema ukweli, sitasema uongo." Mistari hiyo isipokuwapo, ushahidi wa mtoto huweza kufutwa kwenye kumbukumbu, na hapo jengo lote huporomoka. Mwaka 2022, mjini Mwanza, katika Rufaa Na. 301 ya 2018, Mahakama ya Rufani ililegeza kidogo. Kasoro ya ahadi haiui kesi peke yake ikiwa mahakama imeridhika, chini ya kifungu cha 127(6), kwamba mtoto alisema kweli tupu. Ni uamuzi wa haki, ingawa hakimu mwangalifu hatajifichia nyuma yake. Mistari mitatu haimpotezei muda.

Kuna na neno lenyewe la mtoto. Kanuni inayonukuliwa kuliko zote ilitoka Mbeya, Rufaa Na. 94 ya 1999: ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa. Waendesha mashtaka wengine waliipokea kama leseni ya kulala. Ilibidi kikao cha Iringa, Rufaa Na. 145 ya 2017, kikumbushe kwamba neno la mlalamikaji si la kupokelewa kama msahafu, bali lipimwe kama linaaminika. Humo kwenye kupima ndimo mawakili wa utetezi hupata chao. Mtoto alimtaja nani kwanza, na lini? Mahakama imesema tangu 2002 kwamba kumtaja mtuhumiwa mapema humpa shahidi uzito, na kuchelewa bila maelezo humtilia shaka. Kuchelewa kunakoelezewa sababu ni jambo jingine. Binti aliyetishwa na mtu anayeshika fimbo na kalamu ya alama ana sababu ya kunyamaza, mradi sababu hiyo isemwe mahakamani na iandikwe.

Mwisho kuna hati yenyewe. Ikisema tukio lilikuwa Machi, mtoto akasema Juni, na hakuna aliyeomba hati irekebishwe, mshtakiwa atauliza alijitetea dhidi ya nini. Kwa upande mwingine, si kila kosa la uandishi linaokoa mtu. Kikao cha Mtwara katika Rufaa Na. 52 ya 2017 kilikuta hati ya ubakaji imenukuu vifungu visivyo sahihi, lakini maelezo ya kosa yalikuwa wazi na mshtakiwa alielewa anashtakiwa nini. Kasoro ikahesabiwa kuwa ya kuponyeka chini ya kifungu cha 388 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Kabla ya hapo watu walikuwa wakitoka jela kwa namba ya kifungu tu.

PF3 na vipimo vya DNA vina nguvu gani?

PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ni kielelezo kama vielelezo vingine. Lazima kipokelewe, kisha kisomwe kwa sauti mshtakiwa asikie, na aambiwe haki yake ya kumwita daktari, kifungu cha 240(3) cha sheria hiyo hiyo. Kikifutwa kwa kutosomwa, daktari aliyetoa ushahidi kwa mdomo bado anaweza kuokoa upande wa mashtaka. Mimba nayo huthibitisha kwamba kuna mtu, haimtaji ni nani. Kwa shtaka la ubakaji pengo hilo linaweza kuzibwa na ushahidi wa binti mwenyewe, maana hata kuingiliwa kidogo kunatosha kisheria. Kwa shtaka la kumpa mimba, upande wa mashtaka uwe na kitu, kama kipimo cha DNA, kinachomuunganisha mtu huyu na mimba hii.

Akiachiwa kwa kasoro, kesi inaanza upya?

Si lazima. Kipimo ni kile cha Fatehali Manji dhidi ya Jamhuri, 1966: kesi husikilizwa upya ikiwa ile ya kwanza iliendeshwa kinyume cha sheria au kwa kasoro, na haki inadai hivyo. Haisikilizwi upya ili upande wa mashtaka uzibe matundu yake. Kwa hiyo kesi ambayo hakimu hakuandika hukumu kwa kanuni inaweza kurudishwa. Kesi ambayo umri haukuthibitishwa kabisa kwa kawaida huishia hapo. Kwa mzazi hili ni chungu, na hakuna namna nzuri ya kumweleza akiwa amesimama nje ya mahakama.

Mzazi anaweza kukata rufaa mwalimu akishinda?

Hapana. Kesi ni ya Jamhuri, na mwenye kukata rufaa ni Mkurugenzi wa Mashtaka, aliyepewa siku 30 za notisi na siku 45 za hati. Mzazi afanye nini? Aende ofisi ya mashtaka ya wilaya wiki ile ile, si baada ya msimu wa korosho, aulize kama rufaa itakatwa na aombe apewe jibu. Ofisi ina mafaili mengi, na faili linaloulizwa husogea.

Na hapa lisemwe la "kumalizana". Oktoba mpaka Desemba, minada ya korosho ya vyama vya ushirika vya TANECU na MAMCU inapotia pesa mifukoni, ndipo familia ya mtuhumiwa hupata cha kuweka mezani. Kosa la ubakaji si la kusuluhishwa na wazee, na anayepokea fedha ili mtoto abadilishe maneno anajiingiza kwenye kosa lake mwenyewe. Athari huonekana kwenye rufaa pia: shahidi muhimu aliyetoweka bila maelezo humpa mrufani hoja kwamba angalikuja, angaliwaumbua.

Rufaa inaweza kumgeukia aliyeikata?

Ndiyo, na wengi hawaambiwi. Kifungu cha 366 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuongeza adhabu. Aliyepewa miaka 30 kwa mtoto wa miaka minane amepewa adhabu pungufu kuliko ile ya sheria. Akikata rufaa na kushindwa, anaweza kurudi gerezani na kifungo cha maisha. Yapo mashauri yaliyoishia hivyo.

Dhamana wakati wa kusubiri rufaa ipo kwenye vitabu, kifungu cha 368 cha sheria hiyo. Kwa kesi hizi ni nadra.

Mahakama ya Rufani ikikataa, kuna pa kwenda?

Kuna kuomba mapitio mbele ya mahakama hiyo hiyo, ndani ya siku 60 na kwa sababu chache mno. Baada ya hapo ni Rais, kwa mamlaka ya msamaha ya Ibara ya 45 ya Katiba.

Mfano unaojulikana na kila mtu ni wa wanamuziki Nguza Viking, Babu Seya, na mwanawe Johnson Nguza, Papii Kocha. Juni 2004 mahakama ya Kisutu iliwahukumu kifungo cha maisha pamoja na ndugu wawili wa Papii kwa makosa dhidi ya wanafunzi wa shule ya msingi jijini Dar es Salaam. Mahakama Kuu ikashikilia hukumu mwaka 2005. Februari 2010 Mahakama ya Rufani ikawaachia ndugu wawili na kuwabakiza baba na Papii. Ombi la mapitio likagonga mwamba. Desemba 9, 2017, Rais John Magufuli aliwasamehe. Miezi mitatu baadaye, Machi 2018, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mjini Arusha ikasema baadhi ya haki zao za kusikilizwa zilikiukwa. Kesi moja, na kila ngazi ikatoa jibu la kwake. Mlango wa Arusha, kwa mtu binafsi wa Tanzania, umefungwa kwa mashauri mapya tangu Novemba 2020, serikali ilipokuwa imeondoa tamko lake.

Mwalimu aliyeshinda rufaa anarudi darasani?

Ajira ina mkondo wake. Nidhamu ya mwalimu wa serikali iko kwa Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015 na yenye ofisi hadi wilayani. Jinai hudai uthibitisho usioacha shaka ya maana. Nidhamu haidai kiasi hicho, na uhusiano wa kimapenzi na mwanafunzi ni uvunjaji wa maadili ya kazi hata pale ambapo jela haikumfikia mtu.

Kenya imekwenda mbali zaidi. Mei 2015 Jaji Mumbi Ngugi aliamuru wanafunzi wawili wa Nakuru, waliodhulumiwa na mwalimu wao, walipwe jumla ya shilingi za Kenya milioni 5, na Tume ya Kuwaajiri Walimu ya nchi hiyo ikabebeshwa mzigo pamoja na serikali. Tume ilikata rufaa, ikashindwa mwaka 2020. Lililowakera majaji ni ile tabia ya kumhamisha mwalimu mwenye malalamiko kutoka shule moja kwenda nyingine. Msomaji wa Newala anayejua mwalimu fulani alivyofika hapo akitokea wilaya nyingine, kisha akapelekwa kwingine, ataelewa upesi.

Mwalimu anayeamini amesingiziwa aanzie wapi?

Aanze na notisi siku ile ile ya hukumu, hata kabla hajajua sababu. Kisha adai nakala ya mwenendo na hukumu kwa maandishi, na atunze barua ya maombi. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, hivyo nakala iliyoandikwa kwa lugha hiyo anaweza kuisoma mwenyewe. Asome ushahidi wa mtoto, wa aliyeelezwa kwanza na wa daktari, akilinganisha tarehe. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Na mwalimu mkuu aliyeletewa taarifa leo asubuhi?

Aandike saa, jina la aliyemweleza na maneno ya mtoto kama yalivyosemwa, bila kuyanyoosha. Asimuite mtuhumiwa ofisini wakabiliane na mtoto. Ampeleke mtoto na mzazi Dawati la Jinsia na Watoto polisi wachukue PF3, kisha hospitali siku hiyo hiyo: Mkomaindo kwa aliye Masasi, hospitali ya wilaya kwa aliye Newala. Rejesta ya kuandikisha wanafunzi, yenye tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, aifungie kabatini. Na kama binti ana mimba, asimfute shule. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unampa nafasi ya kurudi baada ya kujifungua, na pengine atahitajika kizimbani akiwa bado mwanafunzi.